Maswali ya Wasomaji wa Bustani: Maua Mafupi ya Msimu, Kuanzia Kwenye Mbegu

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Wasomaji wengi wa Arusha na Moshi wanataka kuotesha wenyewe maua mafupi ya msimu mmoja, yale yasiyozidi sentimeta 30 ambayo hupandwa kwa wingi mbele ya nyumba, ofisi na makanisa, badala ya kununua miche iliyokwisha kuchanua. Karibu wote wanalalamikia ama mbegu ambazo hazikuota, ama ua lililoahidiwa kuwa fupi likaja kuwa refu. Ufupi wa ua huamuliwa mapema, kwanza na aina ya mbegu iliyomo ndani ya pakiti, kisha na mwanga ambao mche unaupata katika wiki zake za mwanzo, na anayeyakosa hayo mawili hatayarudisha baadaye kwa mbolea.

Swali: Shikamoo. Nilinunua pakiti mbili za mbegu, moja ya petunia na nyingine ya begonia. Nilizisia kwenye trei yenye udongo mweusi wa bustani uliochanganywa na samadi, nikazifukia kwa kina cha sentimeta moja na kumwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu, petunia chache zilizoota zimeanguka na kuoza shingoni, na begonia haijaota hata moja. Je, niliuziwa mbegu mbovu?
Mwanafunzi wa chuo, Njiro, Arusha

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kumlaumu muuzaji, tutazame kwanza ukubwa wa mbegu yenyewe. Gramu moja ya petunia huwa na mbegu zipatazo 10,000, na gramu moja ya begonia ndogo za bustanini huwa na mbegu 70,000 au zaidi, kiasi kwamba ukizimwaga kiganjani utadhani ni vumbi. Mbegu ya namna hiyo haina akiba ya chakula ya kuiwezesha kupenya sentimeta nzima ya udongo, na isitoshe, zote mbili huhitaji mwanga ili ziamke, kwa hiyo ulipozifukia ulizinyima vitu viwili kwa mpigo. Husiwa juu ya udongo uliokwisha kuloweshwa, hukandamizwa kidogo kwa kipande cha ubao, wala hazifunikwi kwa chochote isipokuwa nailoni inayopitisha mwanga, inayotandazwa juu ya trei ili unyevu usipotee. Trei ikae mahali penye mwanga ambapo jua lenyewe halifiki, kwa maana chini ya nailoni jua la saa sita huzipika mbegu kabla hazijaota. Ili usizimwage zote pembe moja, changanya pakiti ya mbegu na kijiko cha chai cha mchanga laini mkavu, kisha nyunyiza mchanganyiko huo polepole. Mchanga utakuonyesha mahali ulipokwisha kupita. Ukikuta mbegu zimevikwa ganda la udongo ili zishikike kwa vidole, uziweke moja moja, na ganda hilo likishalowa lisikauke tena hadi mche utokeze.

Kuanguka kwa miche na kuoza shingoni ni ugonjwa wa kinyausi. Huletwa na vimelea vya jamii ya ukungu, kama vile Pythium na Rhizoctonia, ambavyo huishi katika udongo wa kawaida wa bustani na hushamiri palipo na maji mengi, hewa nzito na miche iliyosongamana. Udongo mweusi wa bustani ni mzuri kwa mche mkubwa, lakini kwa mbegu laini ni mzito na umejaa vimelea, na samadi ambayo haijaoza sawasawa huongeza tatizo. Tumia sehemu mbili za mboji iliyochekechwa na sehemu moja ya mchanga wa mto uliooshwa. Kisha uuchome udongo huo kwa mvuke: kata pipa, weka maji ya kina cha vidole vinne chini, weka wavu juu ya maji, na juu ya wavu weka udongo wenye unyevu kidogo ndani ya gunia la katani, huku kiazi mviringo kimoja kikiwa kimefukiwa katikati. Kiazi kikiiva, na udongo umeiva. Kinachotakiwa ni udongo ufikie nyuzijoto 82 za Selsiasi na kukaa hapo kwa nusu saa. Kwenu Arusha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, lakini joto hilo linatosha.

Baada ya kusia, usimwagilie kwa juu. Weka trei ndani ya karai lenye maji ya kina cha vidole viwili, uache maji yapande yenyewe kupitia matundu ya chini hadi uso wa udongo ubadilike rangi, kisha uitoe ichuruzike. Fanya hivyo asubuhi, si jioni, ili miche isilale na unyevu. Petunia huota kwa siku 7 hadi 12 kama joto ni nyuzi 21 hadi 24, na begonia kwa wiki mbili hadi tatu. Ukisia katika Juni au Julai, ambapo usiku wa Arusha hushuka chini ya nyuzi 15, trei zikae ndani, jikoni ikiwezekana. Petunia itakupa ua baada ya wiki 10 hadi 12 tangu kusia, ilhali begonia hudai karibu miezi minne ya uangalizi wa kila siku. Kwa maoni yangu begonia si ua la kuanzia, na kama ningekuwa wewe ningeiweka kando mwaka huu, nikaanza na marigoldi, ambayo mbegu yake hushikika kwa vidole na huota hata kwa mtu mwenye haraka.

Swali: Nawasalimu. Mimi ni mama mstaafu ninayeishi kihambani, Kibosho. Nilisia marigoldi ambazo pakiti yake iliandikwa kuwa zitafikia sentimeta 25, nikaziweka trei chini ya migomba ili jua lisiziunguze. Ziliota vizuri baada ya siku sita, lakini zikarefuka upesi, zikawa na mashina membamba meupe, na nyingine zimelala. Nilipoona hivyo niliziongezea Urea, na hali ikazidi kuwa mbaya. Pakiti imenidanganya?
Mama wa Kibosho, Moshi Vijijini

Jibu: Shikamoo, mama. Pakiti ilisema kweli. Kilichoidanganya miche ni migomba. Kivuli cha majani si sawa na kivuli cha ukuta. Jani hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na huuacha upite ule mwanga ulio mbele zaidi ya wekundu, ambao jicho la binadamu karibu halioni. Mche mchanga una uwezo wa kupima uwiano kati ya aina hizo mbili za mwanga, na unapokuta ule wa pili umezidi, huelewa kwamba kuna mimea mingine juu yake, hivyo hutumia nguvu zake zote kurefusha shina ili uipite. Marigoldi yako haikujua kwamba migomba ina urefu wa mita nne na kwamba shindano hilo haliwezekani. Hata aina iliyochaguliwa kwa ufupi wake hufanya hivyo, na sehemu ya shina iliyokwisha kurefuka chini ya majani ya mbegu hairudi kuwa fupi. Urea nayo iliusukuma ukuaji uleule uliokuwa umekwenda kombo, kwa sababu naitrojeni hukuza majani na mashina laini, wala haileti unene pale ambapo mwanga haupo.

Mara tu vichwa vya kwanza vinapotokeza, trei zitoke chini ya miti kabisa na ziwekwe uani, mahali panapopata jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano. Ikiwa unaogopa jua la mchana, tumia neti ya kivuli hafifu, inayozuia kama asilimia 30 ya mwanga, au sogeza trei upande wa ukuta wa nyumba ambako anga iko wazi juu yake. Neti na ukuta hupunguza mwanga bila kuubadilisha aina yake. Miche isisongamane, kwa sababu jani la mche jirani hufanya kazi ileile ya mgomba. Ikishakuwa na majani mawili halisi, mbali na yale mawili ya mbegu, ihamishie kila mmoja kwenye kikopo chake au kwenye trei yenye vyumba, ukiushika kwa jani na si kwa shina.

Ipo njia nyingine ambayo watu huicheka hadi waijaribu. Miche inayotikiswa huwa mifupi na yenye shina nene kuliko ile inayokaa bila kuguswa, na ndiyo maana miche iliyo mahali penye upepo mwepesi huwa imara. Pitisha kiganja au kipande cha karatasi ngumu juu ya miche, mara kumi au ishirini, asubuhi na alasiri, wakati majani yamekauka. Wajukuu hupenda kazi hii, na haigharimu kitu.

Miche uliyo nayo sasa usiitupe yote. Marigoldi ina tabia ya kutoa mizizi kwenye shina, kwa hiyo unaweza kuifukia hadi karibu na majani ya mbegu wakati wa kuihamisha, na itasimama. Hilo usilifanye kwa zinia, ambayo huoza shina ikifukiwa na haipendi kuhamishwa hata kidogo. Mbegu ya zinia ipandwe palepale itakapochanulia. Petunia iliyorefuka hukatwa ncha, ukibakiza majani manne au matano, nayo hutoa matawi ubavuni. Lakini mche uliolala na kubadilika rangi shingoni uondoe leo, maana huo una kinyausi nao utauambukiza wa pembeni.

Swali: Shule yetu iko Usa River. Tunataka duara la maua kuzunguka mlingoti wa bendera, lenye kipenyo cha mita tatu, liwe limechanua ifikapo mahafali ya darasa la saba, katikati ya Septemba. Bajeti ni ndogo na wafanyakazi ni wanafunzi. Tupande nini, lini, na mbegu kiasi gani?
Mwalimu wa mazingira, Usa River

Jibu: Mwalimu, panda marigoldi fupi ya Tagetes patula, yenye kimo cha sentimeta 20 hadi 25. Watu huiita marigoldi ya Kifaransa, ingawa asili yake ni Meksiko na Guatemala. Wanafunzi wako wataitambua harufu yake, kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa lile gugu refu la mashambani ambalo wengi huliita bangi mwitu. Duara lenye kipenyo cha mita tatu lina eneo la mita za mraba 7 hivi, na mkipanda kwa nafasi ya sentimeta 20 kila upande, kila mita ya mraba huchukua miche 25, yaani jumla ya miche kama 175. Ongezeni ya kufidia itakayokufa na ile itakayokanyagwa, msie mbegu 220. Gramu moja ya mbegu hizi ina mbegu zipatazo 300, kwa hiyo pakiti ya gramu moja inawatosheni, na hesabu hii yote ni somo zuri la hisabati kabla hata jembe halijashikwa.

Katika hali ya joto ua hili huchanua baada ya wiki 8 hadi 9 tangu kusia. Kwenu, kipindi cha kusubiri kitaangukia kwenye baridi ya Julai, basi hesabuni wiki 11, na msie katika wiki ya mwisho ya Juni. Mbegu zifunikwe kwa udongo mwembamba, nusu sentimeta. Miche ikifikisha wiki tano, anzeni kuikomaza kwa muda wa siku saba hadi kumi, mkipunguza maji kidogo na kuiacha juani kwa saa nyingi zaidi kila siku, kisha ipandeni bustanini mwanzoni mwa Agosti, jioni, baada ya udongo kuloweshwa vizuri. Agosti ni kiangazi, na mvua hamna. Mita moja ya mraba inahitaji kama lita 10 kila baada ya siku mbili, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20 kwa duara zima, jambo ambalo zamu ya madarasa inaliweza bila mtu kuumia. Tandazeni nyasi kavu katikati ya miche ili maji hayo yasiondoke na jua. Sota, yaani viwavi wanaojificha udongoni, hukata miche usiku usawa wa udongo, na njia rahisi ya kuwazuia ni kuuvika kila mche ukanda wa karatasi ngumu kuzunguka shina, sentimeta mbili zikiwa ndani ya udongo. Msiweke samadi nyingi, kwa sababu mtapata kichaka cha majani na maua ya kuhesabu.

Wiki mbili kabla ya mahafali, wanafunzi wavunje kila ua lililokwisha kunyauka, ili nguvu ya mmea isiende kwenye mbegu bali kwenye vikonyo vipya. Baada ya sherehe waacheni wasivunje tena, na mwezi mmoja baadaye mtavuna mbegu za mwaka unaofuata.

Watu wengi wameniuliza kama ni kweli kwamba marigoldi hufukuza minyoo fundo wanaoharibu mizizi ya nyanya. Ni kweli kwamba mizizi yake hutoa kemikali inayowaua baadhi ya minyoo hao, lakini faida huonekana pale eneo zima linapopandwa marigoldi tupu kwa msimu kamili kabla ya nyanya. Miche mitatu iliyochomekwa pembeni ya tuta la nyanya hupendeza tu. Na mawe yaliyopakwa chokaa, ambayo najua mtayapanga kuzunguka duara hilo kwa sababu shule zote huyapanga, mimi nisingeyaweka. Maua mafupi yakipandwa kwa nafasi sahihi hujitengenezea ukingo wake.

Swali: Pakiti yangu imetoka Uingereza na imeandikwa kwamba nisie ndani ya nyumba Februari au Machi, kisha nihamishie nje baridi ya barafu ikishakwisha. Hapa kwetu barafu naiona juu ya Kilimanjaro tu. Nifuate kalenda gani?
Msomaji wa Sakina, Arusha

Jibu: Fuata mvua. Kalenda ya Ulaya inakwepa baridi inayoua mimea, wakati wewe unakwepa masika, ambayo kuanzia Machi hadi Mei hupasua petali za petunia na kuozesha mashina ya maua laini. Kwa Arusha kuna nafasi mbili nzuri. Ya kwanza ni kusia mwishoni mwa Aprili na katika Mei, miche ikilelewa chini ya paa la nailoni, ili ihamishwe mvua inapoaga na ichanue katika kiangazi cha baridi. Wakati huo petunia, alisamu, lobelia na maua ya jamii ya viola, yanayopenda ubaridi, hung'aa. Ya pili ni kusia Agosti na Septemba, ili mizizi iwe imeshika kabla ya mvua za vuli.

Jambo jingine ambalo pakiti haikuambii ni urefu wa siku. Arusha iko nyuzi tatu na ushee kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki nusu saa, ilhali London siku ya Juni hupita saa 16. Petunia ni mmea unaoharakishwa kuchanua na siku ndefu, kwa hiyo kwetu inaweza kuchelewa kuliko ilivyoandikwa, lakini hutoa matawi mengi zaidi karibu na ardhi, na kwa mtu anayetaka ua fupi hiyo si hasara. Zinia, selosia na ile marigoldi ndefu ya Tagetes erecta huharakishwa na siku fupi, nazo huwahi kwetu. Selosia hasa usiiache ikae kwenye trei hadi mizizi ijae, kwa sababu itatoa kichwa cha ua ikiwa na urefu wa kidole na haitakua tena.

Swali: Nyumba yangu iko Moshi mjini, bustani inatazama magharibi, na kila Januari na Februari kila kitu huungua. Yapo maua mafupi yanayovumilia?
Msomaji wa Moshi mjini

Jibu: Yapo, na Moshi mnayaotesha vizuri kuliko Arusha. Vinka, yaani Catharanthus roseus, ambayo kwao ni Madagaska, na potulaka, ambayo kwao ni Amerika Kusini, hupenda joto linalowashinda wengine. Mbegu ya vinka ni kinyume cha ile ya petunia: huota gizani, kwa hiyo ifunike kwa nusu sentimeta ya udongo na uweke nailoni nyeusi juu yake hadi uone vichwa, kwenye joto la nyuzi 24 hadi 27. Sia mwanzoni mwa Oktoba, kwa kuwa inahitaji kama miezi mitatu hadi kuchanua. Mbegu ya potulaka ni laini, nayo huachwa wazi juu ya udongo wenye mchanga mwingi. Maua yake hufunguka jua linapowaka na kujifunga wingu likija, kwa hiyo anayerudi nyumbani saa kumi na mbili jioni hatayaona siku za kazi. Vinka usiimwagilie kila siku, kwani maji yakituama huoza mizizi. Ina sumu pia. Dawa za saratani za vinkristini na vinblastini zilipatikana kutoka kwenye mmea huohuo, na ni sababu ya kutosha ya kuwaweka mbuzi na watoto wadogo mbali nao.

Swali: Miaka miwili iliyopita binti yangu aliniletea mbegu za impatiensi chotara, nikapata maua mafupi, mekundu matupu, chini ya miti ya kahawa. Nilivuna mbegu zake nikasia. Yaliyoota ni ya kila rangi, na mengine yamefika magotini. Udongo wangu umechoka?
Mzee wa Machame, Kilimanjaro

Jibu: Shikamoo, mzee. Udongo wako hauna kosa. Mbegu chotara ya kizazi cha kwanza hutokana na wazazi wawili waliochaguliwa kwa makini, na watoto wake wote hufanana, lakini wajukuu hurithi kila mmoja mchanganyiko wake, na urefu wa mababu huibuka upya. Katika ua hili mababu hao hawako mbali nawe. Impatiens walleriana ni mmea wa misitu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya, kupitia kwetu, hadi Msumbiji, na kwa asili yake hurefuka na kutawanyika. Mmarekani Claude Hope, aliyefanya kazi ya uzalishaji wa mbegu nchini Costa Rica, ndiye aliyetia fora katika kuligeuza kuwa ua fupi la kutandika bustanini, kuanzia miaka ya 1960, na ndipo likaenea duniani kote. Pakiti ya binti yako ilirudisha nyumbani ua lililokuwa limefupishwa ugenini.

Una njia mbili. Ukitaka rangi moja na kimo kimoja, nunua mbegu chotara kila mwaka, au kata vipande vya shina vya urefu wa sentimeta saba kutoka kwenye mimea uliyoipenda na uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Hutoa mizizi baada ya wiki mbili hivi, na kila kimoja huwa sawasawa na mama yake. Ukitaka mchezo mrefu, vuna mbegu za ile mimea mifupi peke yake kila kizazi na ung'oe mirefu kabla haijachanua. Tumba la mbegu hupasuka kwa kishindo likiguswa, kwa hiyo livike kifuko cha kitambaa lingali kijani. Marigoldi fupi zisizo chotara, ambazo nimemwambia mwalimu wa Usa River avune mbegu zake, hazina shida hii kwa kiwango hicho.

Swali: Nilinunua miche mifupi sana, yenye maua tayari, kwenye bustani moja ya kuuza miche. Baada ya miezi miwili imekuwa mirefu na imelala. Kwa nini?
Msomaji wa Majengo, Moshi

Jibu: Inawezekana ilikuwa aina ndefu iliyonyunyiziwa kemikali ya kuzuia urefu, kama vile paklobutrazoli, ambayo hutumika katika biashara ya maua sehemu nyingi za dunia. Nguvu ya dawa huisha na mmea hurudi kwenye kimo chake. Uliza jina la aina kabla ya kununua, na muuzaji asipolijua, hesabu kwamba hujui urefu unaoununua.

Swali: Petunia zangu zina majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani. Namwagilia maji ya kisima, na vikopo vina ukoko mweupe pembeni. Jirani anasema ni floraidi, ile ile inayoharibu meno ya watoto wetu. Nimeweka majivu ili kuzipa nguvu, lakini hazijapona.
Msomaji wa Ngaramtoni, Arusha

Jibu: Dada au kaka, hukujitambulisha, lakini dalili umezieleza vizuri kuliko wengi. Floraidi ni kweli ipo kwa wingi katika maji mengi yanayozunguka Mlima Meru, na kwa meno ni janga, lakini petunia haigeuki manjano kwa sababu hiyo. Maji hayohayo ya miamba ya volkano hubeba pia baikaboneti ya sodiamu, ambayo ni ndugu wa magadi, na hiyo ndiyo inayokuachia ukoko mweupe. Kila unapomwagilia, udongo wa kikopo unapanda kuelekea ualkali, na katika hali hiyo madini ya chuma hujifunga, yakawemo udongoni bila mzizi kuweza kuyachukua. Petunia ni dhaifu mno katika jambo hili kuliko marigoldi. Kama yangekuwa majani ya chini yaliyozeeka ndiyo yamegeuka manjano, ningesema umekosa naitrojeni. Manjano inayoanzia kwenye majani machanga, mishipa ikibaki kijani, ni njaa ya chuma.

Majivu acha kabisa, kwani nayo ni alkali, na umekuwa ukiongeza kilekile kinachokutesa. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, uyatumie kwa petunia na kwa trei za mbegu tu, ya kisima ukiyaachia migomba na nyasi, ambazo hazilalamiki upesi. Badala ya mbolea ya CAN au Urea, tumia ya SA, yaani salfeti ya amonia, ambayo hushusha ualkali wa udongo taratibu: kijiko cha chai kimoja, kisichorundikwa, katika lita 10 za maji, kila baada ya wiki mbili, juu ya udongo wenye unyevu. Kwa majani yaliyokwisha kugeuka, nyunyizia mbolea ya majani yenye chuma jioni, kwa kipimo cha kwenye chupa, na utazame majani mapya yatakayofuata, kwa kuwa yale ya zamani huenda yasirudi kijani kamili. Ikiwa baada ya wiki tatu majani mapya bado ni ya manjano, ng'oa mche mmoja na uoshe mizizi yake. Ikiwa ya kahawia na laini, tatizo limehama kutoka kwenye maji hadi kwenye kuoza, na itabidi uanze na mbegu mpya katika udongo mpya.